Nguo mpya za Kambi ya Zamani

Siku mama mmoja aliporuka kutoka kwenye gari-moshi dogo, Anastasie alikuwa ndani ya chumba cha nguo akishona kifungo. Alisikia kelele, akatoka mbio na sindano mkononi. Alimkuta mama huyo amepiga magoti kando ya njia, kitenge kimechanika, viatu vimebaki ndani ya behewa. Mbele yake alisimama Delphin, bunduki yake ya mbao mkononi, hajui aiweke wapi.

"Mama, ni muchezo," Delphin alikuwa anamwambia. "Ni muchezo tu. Angalia, hii ni muti."

Lakini mama yule hakuwa anaangalia bunduki. Alikuwa anaangalia kaki.

Mahali penyewe paliitwa Kambi ya Zamani. Mzee Isidore, aliyepata mali yake kwa kuleta saruji na mabati kutoka Uganda, alipajenga kando ya barabara ya kwenda Nyankunde mwaka wa 2008, watu wa Bunia, mashariki mwa Kongo, walipoanza tena kufanya harusi kubwa na kutafuta mahali pa kupigia picha. Ilikuwa kambi ya wachimba dhahabu ya wakati wa Wabelgiji, imejengwa upya kwa ajili ya kufurahisha watu. Gari-moshi, ambalo kwa kweli lilikuwa trekta iliyovalishwa mabati, lilizunguka duka la zamani, zahanati, ofisi ya karani mwenye mizani, na kijito ambamo watoto waliosha mchanga wakitafuta vipande vya shaba. Mwishoni liliingia pangoni. Likitoka tu, polisi wa kambi alilisimamisha, akauliza abiria nani kati yao ameficha dhahabu. Delphin ndiye alikuwa polisi huyo, na kapitula yake ya kaki, mkanda mpana, kofia nyekundu na bunduki ya mbao. Watu wa mjini walicheka sana. Wale waliotoka vijijini, walioanza kuja mwaka huo wa 2010 pamoja na vikundi vya kanisa, hawakucheka.

Jioni hiyo Mzee Isidore aliwakusanya wafanyakazi wake wote kumi na mmoja mbele ya duka la zamani.

"Nguo zote zitabadilishwa," alisema, akimtazama Anastasie. "Sitaki tena kuona kaki hapa. Mama Annie atashona mupya: nyeupe kwa makarani, bluu kwa batu ya kazi, na polisi atakuwa mulinzi wa lango, na kanzu ya zamani na fimbo. Tunaelewana?"

Walielewana, na walifurahi. Delphin mwenyewe alivua kofia palepale. Kisha mzee akaongeza jambo la pili. Alisema kwamba alipokwenda Ubelgiji kumtembelea mtoto wa dada yake, walimpeleka kwenye bustani kubwa ya michezo, na huko kila mfanyakazi alikuwa na kipande kifuani kilichoandikwa jina lake na mahali anapotoka.

"Nilipenda ile kitu. Vita imeisha. Batu wakikuja hapa waone siye tunatoka pande yote, na tunafanya kazi pamoja."

Hakuna aliyepiga makofi. Ni yeye huyohuyo aliyewaambia siku ya kuwaajiri kwamba ndani ya lango lake kila mtu ana jina la ubatizo, basi, na asiyetaka hivyo aende akatafute kazi kwingine. Kwa muda wa miaka miwili walikuwa wameishi hivyo: Solange wa dukani, Delphin wa pangoni, Anastasie wa nguo, ambaye wengi walimwita Mama Annie kwa jina la binti yake. Walikula pamoja saa sita, walichangia mtu akifiwa, na hakuna aliyemuuliza mwenzake ukoo wake. Sasa vijiji vyao vishonwe vifuani?

Anastasie alirudi ndani ya chumba chake, akakaa mbele ya mashini ya kushona bila kuikanyaga.

Yeye kwa watu wote wa Bunia alikuwa mtu wa Niania. Ndivyo alivyosema mwaka wa 2003 alipofika kwenye uwanja wa kanisa na mtoto mgongoni, na ndivyo alivyoendelea kusema. Haukuwa uongo mtupu. Aliwahi kukaa Niania miaka miwili, mumewe alipokuwa anatengeneza malori kwenye njia panda, na angeweza kukuelezea ni nani aliuza mafuta wapi na njia ya Kisangani inaanzia kwenye mti gani. Lakini alizaliwa Djugu, kwenye kilima ambacho hakikubaki na nyumba hata moja, na mumewe alizikwa njiani walipokuwa wanakimbia. Annie, aliyekuwa na miaka tisa, hakujua lolote kati ya hayo. Shuleni aliandika Niania kwa mwandiko mzuri.

Asubuhi iliyofuata Fabien, gérant, yaani msimamizi wa Kambi, alimletea bahasha.

Fabien hakuwa mtu wa muda mrefu pale. Alikuwa na miezi minne tu kazini, kijana msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni, aliyewahi kufanya kazi na shirika fulani la misaada ambalo lilifunga ofisi. Alikuwa na tabia ya kuingia bila kubisha hodi.

"Mama Annie, hii ni fishi ya vipimo. Kila mutu na fishi yake. Utajaza yote, hata mahali moja isibaki wazi."

Anastasie alitoa karatasi moja akaisoma. Juu palikuwa na jina, jina la ukoo, jina la ubatizo. Chini yake, jina la baba. Chini yake tena, kijiji, na eneo la chifu. Mwisho kabisa, kama kitu kilichosahauliwa, mabega, kifua, kiuno, urefu.

"Jina ya baba ni ya kazi gani?" aliuliza. "Minashona suruali."

"Ni Muzee anataka," Fabien alijibu, akaondoka.

Mtu asiye wa Ituri, eneo la Bunia na Djugu, hataelewa kwa nini Anastasie aliiogopa karatasi ile. Kule Djugu alikozaliwa, watu wa pande mbili zilizochinjana wanaongea lugha moja. Wanalima mlima mmoja, wanaimba nyimbo moja kanisani. Ukimsikia mtu anaongea huwezi kujua ni wa upande gani. Ukimuuliza jina la baba yake, mara nyingi unajua. Wakati wa vita, pale vizuizini, hilo ndilo lilikuwa swali. Na orodha zilizotembea wakati ule mikononi mwa vijana wenye silaha nazo zilianza hivihivi, na karatasi safi, iliyochorwa mistari kwa rula.

Aliwapima. Angefanya nini? Alimpima kwanza Solange, mwanamke mnene, mcheshi, aliyeuza soda kwenye duka la zamani akiwa amevaa kitambaa kichwani kama bibi yake.

"Kijiji?" Anastasie aliuliza bila kuinua macho.

Solange alinyamaza kidogo. Halafu akataja kijiji karibu na Boga, akataja na jina la baba, haraka, kama mtu anayelipa ili aondoke. Na karani wa mizani naye alifanya vilevile: kimya kidogo, halafu jibu la haraka. Mpaka kufikia wa sita Anastasie alikuwa ameanza kusikia kile kimya kabla hakijafika. Alikuwa anakijua vizuri. Ni kimya chake mwenyewe, kila alipoulizwa yeye ni wa wapi.

Nao walikuwa wanamwangalia kwa jicho lingine. Saa sita alipotoka na sahani yake, mazungumzo yalikatika. Mmoja alimuuliza kwa upole wa uongo kama ni gérant au ni Mzee anayekaa na zile karatasi, na kama chumba cha nguo kina kufuli. Alielewa. Yeye ndiye aliyeshika kalamu, kwa hiyo yeye ndiye wa kuogopwa.

Delphin alikuja wa mwisho, siku ya pili mchana. Alikuwa mwanaume mrefu, mkimya, mwenye kovu refu kwenye mkono wa kushoto, na Anastasie hakuwahi kujua lilitoka wapi. Alisimama mikono imepanuka huku Anastasie akizungusha metre ya kupimia kifuani, akishusha mpaka kiunoni, akihesabu kwa midomo kama desturi yake.

Ghafla Delphin alishika ile metre.

"Unahesabu na lugha ya kwetu," alisema kwa sauti ya chini.

Anastasie aliacha kuhesabu. Hakuwa amejua. Miaka saba alikuwa ameulinda ulimi wake sokoni, kanisani, hata mbele ya mtoto wake, lakini alipohesabu peke yake, namba zilikuwa zimebaki zilezile alizofundishwa na mama yake.

"Umesikia mubaya, Papa Delphin. Miye ni wa Niania."

"Niania hawahesabu vile."

Wakaangaliana. Nje gari-moshi lilipiga honi, watoto wakapiga kelele za furaha. Anastasie alikuwa anafikiri jambo moja tu: huyu ni wa kilima kipi? Na alijua, kwa jinsi macho ya Delphin yalivyokuwa yanautafuta uso wake, kwamba naye alikuwa anauliza hivyohivyo. Lugha ilikuwa imewaambia wote wawili nusu ya habari, na ile nusu nyingine ndiyo iliyoua watu.

Delphin aliachia metre. "Mabega na kiuno, andika. Ingine acha. Miye sikukuja hapa kuandikwa." Akafika mlangoni, akasimama. "Na weye, fishi yako iko wapi?"

Haikuwepo. Hakuwa amejaza.

Siku ya tatu Fabien alikuja kuchukua fishi. Alizihesabu: tisa. Akauliza mbili ziko wapi. Anastasie akasema Delphin alikuwa na haraka, na yeye mwenyewe vipimo vyake anavijua kichwani. Fabien alimwangalia kwa muda, akaandika kitu kwenye kidaftari chake, akatoka.

Saa tano hivi Anastasie alikwenda mjini kununua uzi mweupe. Alikuwa anapita karibu na vibanda vya fotokopi alipoliona shati la Fabien, maana hakuna mwingine aliyevaa mikono iliyopigwa pasi namna ile. Alisimama nyuma ya mama anayeuza mitumba, akajifanya anachagua blauzi. Mashini ya fotokopi iliwaka mara nyingi. Kisha mtu mmoja akaja na pikipiki, mwenye viatu visivyo na vumbi hata kidogo, na katika Bunia, mwezi wa pili, hilo si jambo dogo. Fabien alimpa bahasha. Hawakuongea sana. Mtu yule aliiweka bahasha ndani ya koti, akawasha pikipiki, akaenda zake.

"Mama, unanunua ama unashika tu?" aliuliza muuza mitumba.

Anastasie alirudi kazini bila uzi.

Angeweza kumchukua Annie na kuondoka. Aliwaza hivyo njia nzima; alijua hata ni nguo zipi angefunga na zipi angeacha. Lakini majina yale tisa aliyaandika yeye, kwa mkono wake, na wenyewe walikuwa pale, wakiuza soda na kupima shaba. Alasiri, Mzee Isidore alipoingia kujaribu koti lake jipya jeupe, kwa sababu naye alitaka kuvaa kama karani mkuu siku ya kuzindua nguo mpya, Anastasie alimshikiza pini mabegani, akakusanya nguvu.

"Muzee, unisamehe. Kwa nini unataka majina ya baba zetu?"

"Majina ya nani?"

"Ya baba zetu. Na eneo ya chifu. Kwenye fishi."

Mzee aligeuka, pini ikamchoma, hakuonekana kuisikia. "Miye nilisema jina na kijiji. Nani aliandika baba?"

Alimwita Fabien. Alikuja akiwa ametulia, mikono nyuma. Alisema fishi ilikuwa ya zamani, ya lile shirika lake, walipokuwa wanaandikisha wakimbizi wa ndani. Yeye alifuta kichwa cha karatasi tu na kuongeza vipimo chini. Hakufikiri.

"Hukufikiri," mzee alirudia. "Hapa Bunia. Hukufikiri."

"Na yule mutu wa pikipiki?" Anastasie aliuliza. Alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe. "Ulimupa bahasha kule ku fotokopi."

Fabien alimgeukia polepole. "Kumbe ulikuwa unanifuata, Mama Annie? Ni mutu wa kushona majina na mashini ya kompyuta. Anapeleka kazi Kampala. Muzee mwenyewe alisema majina yashonwe muzuri." Kisha akamgeukia mzee. "Lakini na siye tumuulize swali moja. Batu tisa waliandika. Yeye na Delphin walikataa. Wanaficha nini?"

Mzee Isidore alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine, na Anastasie aliona kwa macho yake shaka ikihama kutoka kwa Fabien na kumjia yeye. Mzee alikuwa mtu mwema, lakini naye alikuwa wa mji uleule, na swali lile lilimfikia.

"Miye nina mutoto," Anastasie alisema. "Ni ile tu ninaficha."

Mzee alivua koti na pini zake zote, akaliweka juu ya meza. "Basi," alisema. "Fabien, fishi na kopi, zote, kesho asubuhi. Na mambo ya kijiji kifuani, miye ndiye nilikosea. Imekwisha."

Asubuhi Fabien alileta fishi tisa. Kopi zilikuwa nane. Ya tisa, alisema, iliharibikia ndani ya mashini ya fotokopi. Mzee Isidore alizichanachana zote mbele ya wafanyakazi, akazitupa ndani ya choo cha shimo, akanawa mikono. Wengine wakarudi kazini. Lakini Anastasie, kabla hazijachanwa, alikuwa ameomba kuzihesabu, na aliona kopi iliyokosekana ni ya nani. Ilikuwa ya Solange.

Alimtafuta nyuma ya duka, akamshika mkono, akamwambia yote kwa haraka: kopi, pikipiki, viatu. Alimwomba hata asilale nyumbani siku chache.

Solange alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya kreti ya soda.

"Mama Annie, weye! Boga hata sijafika siku moja. Na ile jina ya baba nilikuandikisha ni ya padri alinibatiza." Alifuta machozi kwa ncha ya kitambaa. "Wakikuja kumutafuta, watamukuta Roma."

"Ulinidanganya?"

"Kila mutu alikudanganya. Uliza karani. Kijiji yake alisoma juu ya ramani ya ukutani. Ulifikiri nani atakuambia ukweli, na karatasi ile?"

Anastasie naye akakaa juu ya kreti. Alitaka kucheka, akashindwa. Fishi tisa, na kwenye zote tisa hapakuwa na ukweli wowote isipokuwa viuno na mabega.

Nguo mpya zilivaliwa mara ya kwanza Jumapili ya Pasaka. Makarani walipendeza katika nyeupe yao, Delphin alisimama langoni na kanzu ndefu, fimbo mkononi, akifungulia watoto kwa heshima kubwa. Vifuani waliandikwa jina la ubatizo peke yake, na Anastasie ndiye aliyeyashona, kwa sindano na uzi mwekundu, maana yule mtu wa Kampala hakuonekana tena, kama kweli alikuwa wa Kampala. Hakuna aliyeruka kutoka kwenye gari-moshi. Kaki za zamani zilichomwa nyuma ya zahanati, vifungo vikabaki ndani ya majivu.

Fabien aliendelea na kazi yake mpaka mwezi wa nane, bado na kalamu zake mbili. Hakuna aliyegombana naye, hakuna aliyekula karibu naye. Siku moja hakuja. Wengine walisema alipata kazi Kisangani, wengine walisema vingine. Hakuna aliyekuja kuwatafuta, wala mwaka ule, wala uliofuata. Hata hivyo Anastasie alihama nyumba, akapanga mahali pengine upande wa pili wa mji, na kwa muda mrefu aliposikia pikipiki inapunguza mwendo karibu na ua, aliangalia kwanza viatu vya aliyeshuka.

Yeye na Delphin walirudi kusalimiana, ingawa kila mmoja alikaa upande wake wa uwanja. Wakati wa kiangazi alichukua likizo ya wiki mbili, na aliporudi aliingia ndani ya chumba cha nguo na mfuko wa maharage, akauweka chini karibu na mashini.

"Ya kwetu," alisema katika ile lugha. "Nimelima tena. Njia iko wazi sasa. Ukitaka kwenda kuona kilima yenu, kuna lori kila siku ya tano ya juma."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi mtu kumwambia neno zima la nyumbani. Anastasie alipiga magoti, akatia mkono ndani ya mfuko. Maharage yalikuwa madogo, yenye madoa, aina ambayo haiuzwi Bunia.

"Asante," alijibu, katika lugha ileile. Alitaka kumuuliza amelima upande gani wa mto, aijue ile nusu nyingine. Swali lilifika mpaka kwenye meno. Aliona Delphin naye anangoja, amesimama, mkono juu ya mlango.

"Yanaiva haraka?" akauliza.

"Haraka. Usitie chumvi mapema."

Alipika Jumamosi hiyo. Annie aliyapenda, akauliza yanatoka wapi. Anastasie akamwambia yanatoka kwa Papa Delphin, akamwongezea kwenye sahani. Kwenye lori hakupanda, si mwaka ule.